Kabla ya kwenda kuona uwanja wa vita wa Kondoa wa mwaka 1916, nianze kusoma wapi?

MkaziWaKikuyu (Dodoma mjini):

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwezi Mei ninakusudia kwenda Kondoa na wanafunzi wachache wa kidato cha tano ninaowafundisha historia, ili tuone mahali ambapo jeshi la Jenerali Jacob van Deventer, Mwafrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza, lilipambana na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Masimulizi mengi ya Vita Kuu ya Kwanza katika nchi yetu huruka kutoka Tanga, Novemba 1914, hadi Wajerumani kuweka silaha chini kule Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 1918, kana kwamba hapa katikati hapakuwa na lolote. Sipendi tufike, tupande kilima, tupige picha, kisha turudi. Naomba mnielekeze nisome nini kwanza, nitavitambuaje vilima vinavyotajwa, na kama kuna kibali ninachopaswa kuomba.

MsomaNyaraka:

Mwalimu, kabla hujagusa kitabu chochote kinene, panga tarehe zako kwenye karatasi moja. Wapanda farasi wa van Deventer, wengi wao Makaburu wa Afrika Kusini, waliondoka upande wa Arusha mwanzoni mwa Aprili 1916, wakauteka mlima Lolkisale, wakapita Ufiome, yaani upande wa Babati ya leo, na kuushika mji wa Kondoa tarehe 19 Aprili. Hapo masika yakawafungia njia nyuma yao. Farasi walikufa kwa wingi kwa maradhi, mizigo ya chakula ikakwama matopeni, na askari wakadhoofika kwa homa wakiwa mbali mno na ghala zao. Lettow-Vorbeck alilitambua hilo, akatoa makampuni yake upande wa kaskazini mashariki, yakatembea hadi Reli ya Kati, yakapanda treni mpaka Dodoma, kisha yakatembea tena kuelekea Kondoa. Kwa hiyo ninyi mtakaotoka Dodoma mtafika kutoka upande alikotoka mshambuliaji, na wanafunzi wako watayatazama yale maboma ya mawe ya asili kusini mwa mji kama alivyoyatazama yeye. Kitu hicho hakipatikani kwa anayeteremka kutoka Arusha.

Shambulio kubwa lilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei, kuanzia mnamo saa moja na nusu usiku hadi alfajiri ikikaribia, na lilishindwa. Baada ya hapo pande zote mbili zilikaa zikirushiana mizinga kwa wiki kadhaa, mpaka Juni. Ukiwaambia wanafunzi habari za usiku ule mmoja tu, utakuwa umewaficha sehemu kubwa ya mambo, kwa kuwa mzingiro ule, pamoja na njaa na homa, uliwagharimu watu zaidi ya zile saa chache za risasi.

Kuhusu maandishi, historia rasmi ya Waingereza juu ya vita hivi ilitoka mwaka 1941, nayo inaishia Septemba 1916. Juzuu ya pili haikuchapishwa kamwe. Bahati yako ni kwamba Kondoa imo katika hiyo ya kwanza. Shajara za vikosi vya Uingereza zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa mjini London, kundi WO 95, na hizo ndizo ninazozipenda zaidi, kwa sababu ziliandikwa siku ileile na mtu aliyechoka asiye na muda wa kujipamba. Kwa upande wa Wajerumani utakutana na kumbukumbu za Lettow-Vorbeck mwenyewe, zilizochapishwa mwaka 1920. Zisome, lakini usisahau kwamba ni kamanda anayejieleza mbele ya taifa lake baada ya vita kushindwa, na kwamba sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi la Ujerumani, ambazo zingetusaidia kumkagua, iliteketea Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945.

Vilima vitambue kwa ramani za kikoloni za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000, ambazo nyingi zinapatikana bure kwenye intaneti. Utafute kwa tahajia yao: Arusha wameiandika Aruscha, na Mpwapwa ni Mpapua. Ilinganishe karatasi hiyo na picha za satelaiti ukifuata mito na mabonde kwanza, kwa maana majina huhama lakini korongo halihami.

MrangiWaBereko:

Mwalimu, karibu Irangi. Aliyetangulia amesema vyema juu ya karatasi, nami naongeza ya ardhini.

Kutembea na kutazama hakuhitaji kibali kikubwa, lakini adabu inataka uanzie ofisi ya kata au ya mtendaji wa kijiji, ujitambulishe, ueleze umekuja na wanafunzi wangapi na kwa lengo gani. Vilima vingi vimezungukwa na mashamba ya watu, na mwezi Mei mahindi na mtama bado vimesimama. Mgeni anayekatiza shambani na kundi la vijana bila kubisha hodi hataulizwa habari za Lettow-Vorbeck. Kuchimba ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa uchimbaji wa namna hiyo, kwa hiyo wakataze wanafunzi hata kufukua kwa kijiti. Wakiona ganda la risasi walipige picha walipolikuta na kuliacha hapohapo; wakiona chuma kinachofanana na kombora wasisogee, watoe taarifa polisi.

Unapozungumza na wazee, usiwaulize juu ya "mwaka 1916". Waulize waliyosimuliwa na babu zao kuhusu Makaburu, farasi na mizinga. Baadhi ya familia za Kiislamu hapa huhesabu mambo ya zamani kwa mwezi mwandamo, na usiku ule wa Mei uliangukia siku za mwanzo za Rajabu 1334. Hapo pana jambo ambalo wanafunzi wako wanaweza kulikokotoa wenyewe: mwezi uliandama mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo usiku wa tarehe 9 mwezi ulikuwa karibu nusu, nao ulikuwa ukizama mnamo saa sita usiku. Shambulio lilianza wakati mwezi ungali juu na likaendelea baada ya kuzama. Wapandisheni vijana kilima chenye mawe jioni, wakiwa na kiongozi wa hapa, wakae kimya hadi giza liingie, kisha wakueleze wangemtambuaje mwenzao hatua ishirini mbele.

MkaziWaKikuyu:

Ahsanteni sana. Hilo la mwezi nitawapa kama zoezi kabla ya safari. Je, njiani kuna mahali pa kusimama, au twende moja kwa moja Kondoa?

MjukuuWaMgogo:

Simameni Haneti, mkitazama milima ya Chenene. Van Deventer alipotoka Kondoa mwezi Julai kuelekea Reli ya Kati, vikosi vyake vilipita upande huo, na Dodoma ikashikwa tarehe 29 Julai 1916. Mkiisoma barabara hiyo kutoka pande zote mbili, Lettow-Vorbeck akipanda nayo na van Deventer akishuka nayo, vita vyote vya hapa katikati vinaeleweka.

Hata hivyo sikubaliani na mpango wa kusoma majenerali pekee. Kila mzigo uliofika Kondoa kutoka Dodoma ulipita katika nchi ya Wagogo na Warangi, na pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba. Mvua zilipokuja kukosekana, ghala zilikuwa tupu, na njaa iliyofuata, ambayo wazee wetu wanaiita Mtunya, iliua watu wengi mno Ugogo kati ya 1917 na 1920. Mtunya haimo katika shajara za vikosi, kwa sababu vikosi vilikuwa vimeshaondoka. Itafute katika vitabu vya wilaya vya utawala wa Kiingereza, vilivyomo katika Nyaraka za Taifa za hapa Tanzania, na kwa bibi yeyote wa Bahi au Mvumi atakayekubali kukaa nanyi saa moja.

Kabla ya kuondoka mjini, pitieni pia makaburi ya vita ya hapa Dodoma yanayotunzwa na tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola. Orodha yao ipo kwenye intaneti, na unaweza kuichuja kwa tarehe ya kifo, kisha wanafunzi wakahesabu ni wangapi walikufa siku za mapigano na ni wangapi miezi isiyokuwa na mapigano. Wapagazi wengi hamtawaona humo. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri na kuomba radhi kwamba Waafrika waliokufa katika vita hivi hawakuenziwa sawa na wenzao Wazungu. Ripoti yake ni ndefu, ila sehemu ya Afrika Mashariki inasomeka kwa jioni moja, na ningeitanguliza kabla ya kitabu chochote cha jenerali.