Tulimwahidi kijana gari akipata B+. Amepata. Sasa naogopa, naomba ushauri

Mama wa Kahawa West

Habari zenu ndugu zangu. Naandika usiku huu nyumba ikiwa imelala, maana mchana sipati utulivu wa kufikiri.

Kifungua mimba wangu ana miaka 19. Akiwa kidato cha pili alianguka vibaya mtihani wa muhula. Baba yake, kwa kutaka kumtia moyo, akamwambia, "Ukileta B+ kwenye KCSE nitakununulia gari." Mimi nilidhani ni maneno ya mezani yatakayosahaulika. Kijana akaenda chumbani, akarudi na daftari la Fizikia, akaiandika ile ahadi ukurasa wa mwisho, akampa babake kalamu atie sahihi. Akatia.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka ilikuwa B+ kamili. Jioni hiyo tukakuta daftari juu ya meza ya chakula, limefunguliwa ukurasa ule. Hakusema neno.

Babake aliomba muda, akasema kwanza leseni. Kijana akaingia shule ya udereva, akafaulu, leseni ya daraja B anayo tangu Agosti. Septemba akaanza chuo upande wa Lang'ata, nasi tunakaa Kahawa West. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, matatu hadi mjini, atembee mpaka steji ya Railways, apande ya pili. Jioni hivyo hivyo. Mwezi uliopita akivuka mjini saa mbili usiku, watu watatu walimzunguka. Simu ikaenda, laptopu ikaenda. Aliingia nyumbani mkono umefungwa kwa skafu, jeraha si kubwa, lakini hakugusa chakula. Tangu siku hiyo mzee wangu amekata shauri: gari linunuliwe.

Amepata Vitz ya 2009, injini ya cc 1000, otomatiki. Mwenye nalo anataka 520,000. Akiba yetu yote ya sacco ni 600,000, na binti yetu mwakani anaingia gredi ya 10.

Mimi ni muuguzi. Nimehudumu chumba cha majeruhi miaka mingi, na naijua Jumapili asubuhi ya mle ndani. Naona vijana wa umri wa mwanangu wakiletwa na nguo za sherehe. Nikimfikiria kwenye usukani Thika Road, usingizi unaniruka. Nikimfikiria stejini gizani, unaniruka vile vile. Nifanyeje?

Kijana_Mtaani

Mathee, ahadi ni deni. Jamaa alikaa miaka miwili akisoma juu ya hiyo karatasi. Mkimgeuka leo, siku nyingine hatawaamini kwa lolote.

Baba Wawili, Donholm

Mama, pole kwa yaliyompata kijana. Mimi nitakwambia yangu, na si jambo ninalolizungumza mara kwa mara.

Mwanangu nilimnunulia Impreza alipofikisha 18. Nilikuwa na pesa wakati huo na nilitaka aone kwamba babake anampenda, kwa sababu mimi nilikua bila baba. Sikumwekea sharti lolote. Miezi miwili baadaye, Jumamosi saa kumi usiku, simu ikalia. Walikuwa wanne, wakitoka sherehe, Outering Road. Hakuwa amelewa, walimpima. Alikuwa amechoka, mvua ilikuwa inanyesha, na wenzake walikuwa wakimwambia aongeze mwendo. Akapanda ukingo wa barabara, gari likalala ubavu.

Wangu alitoka na mikwaruzo. Rafiki yake aliyekaa nyuma kushoto alivunjika mfupa wa paja. Nilipofika kulivuta gari nilikuta kiatu chake kimoja kimebana chini ya kiti cha mbele, kamba bado zimefungwa. Nikakichukua, nikakipeleka kwa wazazi wake Umoja. Nilikaa kwenye kochi lao nimeshika kile kiatu, mama wa yule kijana akaniletea chai. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Yule kijana anatembea leo, ila mguu mmoja ni mfupi kidogo. Wangu ana miaka 26 na hataki kuendesha.

Sikuambii usinunue. Nakuambia kilichoniponza ni kuacha wenzake wapande na kuacha atoke usiku. Dereva mgeni akiwa peke yake, mchana, ni mtu mmoja. Umjazie marafiki watatu usiku wa manane, ni mtu mwingine kabisa.

Wakala wa Bima

Dada, kabla ya kutoa hata senti naomba ujue mambo haya, maana mzee wako akifika kwa muuzaji hataambiwa.

Kinacholazimishwa na sheria ni bima ya mtu wa tatu peke yake. Hiyo humlipa uliyemgonga. Vitz yenu ikikunjika, hasara ni yenu. Bima kubwa ndiyo ingelitengeneza gari lenu, lakini kampuni nyingi hazipokei gari lililopita miaka 15, na la 2009 limeshapita. Kwa hivyo mnaweka 520,000 barabarani bila kinga yoyote, chini ya dereva ambaye leseni yake haijatimiza mwaka.

Hata mkipata kampuni itakayolipokea, someni kipengele cha dereva kijana. Akiwa hajafika 21, kampuni nyingine husema 25, au leseni ikiwa changa, kile kiasi mnachobeba wenyewe kabla ya kampuni kulipa huongezwa. Wazazi wengi hujaza jina la baba kama dereva na kumficha mtoto. Nawasihi msifanye hivyo. Fomu haisomwi siku ya kulipia, husomwa siku ya dai.

Na mwonye mapema kuhusu kubeba wenzake kwa nauli. Mteja wangu mmoja alikuwa na binti aliyechukua wanafunzi wanne kila jioni, kila mmoja anatoa mia. Yeye aliona ni kuchangia mafuta. Walipogongwa, kampuni ikasema gari la binafsi limefanya biashara, dai likaanguka.

Mkiamua kununua, uhamisho wa umiliki ufanyike kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, siku hiyo hiyo ya malipo, muuzaji akiwa mbele yenu. Usikubali "nitakuhamishia wiki ijayo."

Hesabu Kwanza

Tuache hisia kidogo. Kahawa West hadi Lang'ata kupitia mjini ni kama kilomita 30. Kwenda na kurudi 60. Vitz kwenye foleni ya Thika Road na ya Lang'ata Road itakupa kilomita 12 kwa lita, si zile 18 za muuzaji. Hiyo ni lita 5 kwa siku. Tuseme petroli ni shilingi 180 kwa lita, basi ni 900 kwa siku, na siku 20 za masomo ni 18,000. Hapo sijataja maegesho, tairi, mafuta ya injini, wala spea za gari la umri huo.

Kwa 18,000 kwa mwezi kijana anapata chumba safi Rongai au hapo hapo Lang'ata, anatembea au anapanda gari moja hadi chuoni, na kuna salio la chakula. Mama, kilichomkuta mwanao kilimkuta mjini, gizani, akibadilisha matatu. Tatizo ni safari. Akihamia karibu na chuo, safari haipo.

Binti wa Ngara

Hesabu Kwanza, hesabu zako ni sawa lakini si kila kitu kiko humo. Mimi nilipewa gari nikiwa na miaka 19, Passo ndogo ya mama. Nilikuwa nasoma hadi saa tatu usiku. Kabla ya hapo nilishaguswa ndani ya matatu mara ambazo sikumwambia mtu nyumbani. Siku ya kwanza nilipofunga milango ya lile gari nikasikia kufuli zimelia zote nne, nililia.

Na lilinikomaza. Nyanya akiwa na kliniki, mimi. Mgeni wa kuchukuliwa uwanja wa ndege, mimi. Mafuta nilinunua mwenyewe kwa pesa ya kufundisha watoto wa jirani, kwa hivyo sikuwa na ya kuchezea. Tairi ikitoboka mama alisema, "Ni lako, lishughulikie." Nilijifunza kuibadilisha kando ya Waiyaki Way nikiwa na sketi ya kanisa.

Usimnyime kwa sababu ya hofu tu. Mpe pamoja na kazi ya kulitunza.

Mwalimu wa Gia

Nimefundisha udereva Nairobi miaka 14. Mama, nataka uelewe leseni ya mwanao inathibitisha nini.

Mtihani wetu una ule ubao wa mji mdogo. Mtahiniwa anapewa kigari cha kuchezea, anakisukuma kwa kidole kwenye mzunguko, anasema "natazama kulia, naingia." Wanafunzi wanaukariri ule ubao kama shairi. Kisha anaendesha barabarani dakika chache, mkaguzi pembeni. Akifaulu, kesho yake sheria inamruhusu kuingia Thika Road ambako basi linatoka njia ya pembeni bila ishara, matatu inasimama ghafla chini ya daraja la wapita njia, na watu wanavuka chini wakati daraja liko juu yao. Hakuna kigari kilichomfundisha hayo.

Usiku ndio mbaya zaidi. Mtu akikushauri kwamba atumie Southern Bypass kukwepa foleni, kumbuka malori yanayoharibikia pale. Mara nyingine hakuna taa wala pembetatu, dereva ameweka matawi ya miti barabarani. Mimi mzoefu nayajua yale matawi: nikiyaona tu naondoa mguu kwenye mafuta. Kijana mgeni anaona majani.

Kwa hivyo naomba ufanye jambo moja kabla ya kuendelea na mjadala huu. Mkalishe umwulize: tangu upate leseni, umeendesha mara ngapi, na wapi? Usimwulize mbele ya babake.

Mama wa Kahawa West

Nimesoma kila neno. Baba Wawili, nimeisoma yako mara tatu, na nakushukuru kwa kuisema.

Mwalimu, nimemwuliza. Alikuwa anaosha vyombo, nikasimama naye nikipanguza. Akasema mara mbili. Mara zote hapa mtaani, kwenye Probox ya babake, kutoka langoni hadi dukani. Nikamwuliza, na Thika Road? Akanyamaza, akasuuza sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, "Mama, mimi Thika Road naiogopa. Lakini nikimwambia baba ataona nilimsumbua bure miaka yote hii."

Hata mimi sikulijua hilo. Mtoto anabeba hofu yake, mimi nabeba yangu, na babake amebeba ahadi, kila mtu chumba chake.

Mwalimu wa Gia

Anayeiogopa Thika Road anaweza kufundishika. Ninaowahofia ni wale wasioiogopa. Kwa kuwa Probox ipo, anzieni hiyo. Babake akae kiti cha kushoto, simu izimwe, redio izimwe. Jumamosi asubuhi kwanza, barabara ikiwa na nafasi. Kisha siku ya kazi. Kisha mvua. Usiku uwe wa mwisho. Na mzee asipige kelele. Amwambie mapema, "mbele kuna tuta," badala ya kumgutusha akishafika.

Baba Wawili, Donholm

Na wewe mama, mzee atakapotulia, mwambie kile kijana alichosema. Baba anahitaji kulisikia.

Mama wa Kahawa West

Narudi kuwapa habari, ni wiki ya saba sasa.

Nilimwambia mzee. Alitoka nje akakaa kwenye Probox peke yake kama nusu saa. Aliporudi alimwita kijana, wakakaa mezani, daftari la Fizikia katikati. Yule wa Vitz tulimpigia tukamwambia hatutalichukua. Kwa sasa kijana amepanga chumba Lang'ata na mwenzake wa darasa, wanagawana kodi, analala huko Jumatatu hadi Ijumaa. Matatu za usiku zimekwisha. Akiba ya gari iko pale pale, na karo ya binti tumeitenga kando.

Jumamosi anarudi nyumbani kuendesha. Siku ya kwanza nilikaa nyuma. Tuliposhuka kuingia barabara kuu, lori la mchanga likapita pembeni yetu hadi Probox ikatikisika. Nikaona vidole vyake vimekuwa vyeupe kwenye usukani. Mzee hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwache apite, sisi hatuna haraka," na kijana akamwacha. Tulifika Ruiru, tukanywa chai, tukarudi.

Chini ya ile ahadi ya zamani wameandika mstari mpya: gari litanunuliwa akimaliza safari 40 na babake, kumi kati yake za usiku, na mwaka wa kwanza hatabeba marafiki. Wametia sahihi wote wawili, nami nikaombwa niwe shahidi. Kila wakirudi kijana anachora mstari mmoja pembeni ya ukurasa.

Jana ilikuwa ya sita.