Verlander au Scherzer: nafasi ni ya mzee mmoja tu msimu wa 2026, unampa nani?

MzeeWaBesiboli
Wakuu habari za huku. Fainali ya besiboli ya Marekani 2025 imeisha, Dodgers wamebeba tena mbele ya Toronto, sasa tuhamie kwenye usajili na sitaki majibu ya mahaba. Timu yako ina mapitcha (warusha mpira) wanne wa kuanza mechi kwa zamu, unatafuta wa tano, mkataba wa mwaka mmoja, na mezani una Justin Verlander (anatimiza 43 mwezi wa pili 2026) na Max Scherzer (41). Unabeba yupi na kwa bei gani?

Mi niko na Verlander. Najua kuna mtu atakuja na ile 4-11 yake ya 2025 (ushindi 4, vipigo 11) lakini jamani pitcha hapigi, wenzake walikuwa hawamfungii ran (pointi), kaanza mechi 16 pale San Francisco bila ushindi hata mmoja, wa kwanza kaupata mwezi wa saba kule Atlanta. Angalieni iningi 152 (mechi ya kawaida ni vipindi, yaani iningi, 9), mechi 29, wastani wa ran 3.85 alizoruhusu kwa kila iningi 9. Mtu wa miaka 42 huyo!

kijana_wa_tanga
Verlander sasa hivi ni jina tu. 2024 akiwa Houston wastani 5.48, mara bega mara shingo, mpaka kwenye mtoano wakamwacha nje ya kikosi. Hapo unanunua kumbukumbu mzee wangu.

Bi_Takwimu
@kijana_wa_tanga mbona 2025 umeiruka? Na hata hivyo huyu walishamzika zamani, alipasuliwa kiwiko 2020, 2021 hakurusha kabisa, 2022 akarudi na wastani wa 1.75 akachukua Cy Young (tuzo ya pitcha bora wa ligi) ya tatu, ana miaka 39.

Mi kwa pitcha mzee naanza na spidi maana mkono ukichoka ndo panaonekana kwanza, na yeye fastiboli (mpira wake wa kasi) bado inagonga maili 94 hivi kwa saa. Kinachonitisha ni uwanja. Pale San Francisco hewa ya baharini nzito na ukuta wa kulia kuelekea katikati uko futi 415, mpira uliopigwa juu unaishia kwenye glavu ya mtu, na Verlander maisha yake yote mipira yake inapigwa juu. Mpeleke Yankee Stadium ukuta wa kulia futi 314 halafu uniambie ile 3.85 imebaki ngapi.

NjoroToronto
Mimi naishi Toronto, Scherzer 2025 alikuwa kwetu, nimemwona mwaka mzima so wacha niseme ukweli, msimu wa kawaida alikuwa shida. Kidole gumba kilimtoa mechi yake ya kwanza kabisa, akarudi mwezi wa sita ukiisha, mwezi wa tisa akachapwa vibaya hadi raundi ya mtoano dhidi ya Yankees hawakumweka kwa kikosi. Wastani 5.19, iningi 85 tu.

Lakini sasa twende Seattle, nusu fainali mechi ya nne. Iningi ya tano, wapigaji wawili wameshatoka, kocha John Schneider anamfuata pale kati, na jamaa anamfokea mbele ya uwanja mzima, huondoki na huu mpira! Kocha akageuka akarudi benchi. Scherzer akammaliza Randy Arozarena kwa straikaauti (straiki tatu, mpigaji nje) na mechi tukashinda. Halafu mechi ya saba ya fainali, hakuna pitcha mzee kumliko aliyewahi kuianza, ametoka tunaongoza 3-1. Yaliyofuata sitaki kuyaongea.

kijana_wa_tanga
Kwa hiyo dola milioni 15 na nusu kwa mechi tatu za mtoano?

NjoroToronto
Ndio. Na ningelipa tena.

futi60
Wote mnahesabu mechi, hakuna anayehesabu mnada. 2023 Mets walikuwa nao wote wawili, kila mmoja zaidi ya dola milioni 43 kwa mwaka, timu ikazama, dirisha la kuuziana wachezaji katikati ya msimu likikaribia kufungwa wakawauza. Scherzer kwenda Texas (akabeba ubingwa hukohuko) Mets wakapata Luisangel Acuña, mdogo wake Ronald, yule nyota wa Atlanta. Verlander kurudi Houston wakapata Drew Gilbert na Ryan Clifford. Ilibidi waongeze na hela nyingi juu ndo wapewe hao vijana, ila walipewa. Na Gilbert huyo 2025 kaishia San Francisco anamdakia Verlander mipira kule nyuma ya uwanja, besiboli bana.

Mzee wa mkataba wa mwaka mmoja kwa bei ya sasa hakuletei Acuña, labda kijana mmoja wa ligi ndogo. Ila timu ya katikati ya msimamo ndo faida pekee inayobaki nayo msimu ukiharibika. Na mwezi wa saba mnunuzi anauliza kwanza kama mtu amerusha toka mwezi wa nne, hapo Scherzer wa kidole humuuzi popote.

Bi_Takwimu
@futi60 sawa, ila Verlander ana ushindi 266 na anaitaka 300, wa mwisho kufika ni Randy Johnson 2009. Mtu anayefukuza 34 zilizobaki atakubali umrudishe benchi iningi ya saba? Clayton Kershaw, pitcha mkongwe wa Dodgers, alikubali. Fastiboli maili 89, 2025 kamaliza 11-2 na wastani 3.36, na kwenye fainali kaletwa iningi ya 12 besi zote zimejaa (wapinzani watatu wako njiani kufunga) kamtoa mtu mmoja kazi imeisha, akastaafu zake.

NjoroToronto
Huyo mtu mmoja ni Nathan Lukes wetu. Asante sana dada kwa kunikumbusha 😩

MzeeWaBesiboli
Haya bei yangu: Verlander milioni 10 mkononi, nyongeza akivuka iningi 100, nyingine 120, nyingine 140. Na bega na shingo vipigwe picha kabla hajashika kalamu.

kijana_wa_tanga
Hasaini hiyo.

MzeeWaBesiboli
Anasaini. Nani mwingine atampa mpira kila siku ya tano?

kijana_wa_tanga
Detroit. Alianzia pale 2005, jezi zake bado wanavaa.