Taa ya injini ishakuwa mradi wa mafundi, mie nishachoka!

Asalaam alaykum jamani. Nina hasira, mtanivumilia.

Gari yangu ni Toyota IST. Siku tatu kabla ya Ramadhani taa ya injini kwenye dashibodi ikawaka na gari ikaanza kumisi, yaani moto unakatakata kwenye injini. Ukisimama kwenye foleni inatetemeka, ukipakia watu wanne ndo usiseme.

Fundi wa kwanza, hapa hapa Fuoni, kachomoa waya wa betri, kavuta sigara yake, kaurudisha. Taa ikazima. Elfu ishirini. Kesho yake sijafika Amani, hiyo hapo. Yakhe, ukichomoa betri umefuta kumbukumbu ya kompyuta tu! Ni kumpangusa mtoto kamasi ukasema mafua yamepona.

Wa pili, Mwanakwerekwe, ana mashine ya kupimia. Namba ya hitilafu nimeiona kwa macho yangu: P0302. Akasema "sensa ya oksijeni hiyo" (ile ya kwenye ekzosi inayopima moshi), akanifungia ya mtumba, laki na nusu. Siku mbili, taa imerudi.

Wa tatu hakupima chochote. Kasikiliza mngurumo, kataka tubadilishe koili zote nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, laki mbili na arubaini. Namwambia taa siku nyengine inawaka na kuzima yenyewe nikikanyaga mafuta, ananijibu "endesha tu, haina neno". Haina neno! Taa ikipepesa hivyo ujue petroli haiungui, inakwenda mbichi kwenye ekzosi na kuunguza katalitiki, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na bei ya katalitiki mnaijua. Hapo unapunguza mwendo, unatafuta pahala unaegesha.

Aliyeniokoa ni shemegi yangu wa Chake Chake, Pemba, kaja Unguja kwa sikukuu. Namba ile, kaniambia, ni silinda ya pili inamisi. P0301 ni ya kwanza, hivyo hivyo mpaka P0304. Sensa ya oksijeni ina namba zake mbali. Na namba inakwambia wapi, haikwambii nini: yaweza kuwa plagi, koili, injekta ya kunyunyizia petroli, upepo unaovuja kuingia kwenye menifoldi (bomba la hewa la injini), au kompresheni, mgandamizo wa silinda, imeshuka. Ndo maana lazima ufungue!

Akasema tubadilishane koili ya pili na ya kwanza, tufute namba, tuendeshe. Ikihamia P0301, koili mbovu. Ikibaki, koili iacheni, tafuteni kwengine. Spana namba kumi, hakuna gharama. Basi hata kujaribu hatukufika. Kuvuta koili ya pili tu, mpira wake ukatoka unachuruzika oili, shimo la plagi limejaa. Gasketi ya tapeti kava, mfuniko wa juu ya injini, ilishakakamaa, oili inavujia mle ndani na kuiba moto wa plagi.

Gasketi mpya na mipira ya mashimo ya plagi, elfu thelathini na tano. Plagi tukaisafisha. Wiki ya tatu sasa, taa kimya.

Boliti moja! Mafundi watatu, hakuna aliyefungua boliti moja ya koili.

(Na nyie mnaosema "kaza mfuniko wa tangi la mafuta, taa itazima", nimeukaza mpaka kiganja kikauma.)

Kinachonitia uchungu zaidi ni ile sensa. Yangu ya zamani ilikuwa nzima na yule wa Mwanakwerekwe kabaki nayo. Nataka anirejeshee, au anirejeshee pesa yangu. Nishampigia mara nne leo, simu inaita tu.