Antivairasi ya kulipia, Defender ya bure au hela yote kwenye bekapu? (stationari, mashine 4)

Baharia wa Kalamu: Wakuu habari za jioni. Nina stationari jirani na chuo, mashine nne Windows 10, kutwa watu wanachomeka flashi kuprinti. Juzi moja nimekuta mafaili yote yameongezewa herufi za ajabu mwishoni, hayafunguki, na kuna ujumbe wa Notepad unadai dola. Humo kulikuwa na orodha ya wadeni wangu wote, sasa hivi wanachekelea tu. Nina laki mbili. Ninunue antivairasi, au nibaki na Defender, ile inayokuja na Windows yenyewe, ninunue eksteno (diski ya nje) ya bekapu, yaani kopi za akiba? Natanguliza shukrani.

fundi_kebo: Pole mkuu. Flashi za wanachuo nyingi zina vile virusi vya kugeuza folda kuwa shotikati, hivyo Defender anavimaliza. Kabla ya hapo uliinstoo nini?

Baharia wa Kalamu: 😅 Kraki ya Office, ya kuitumia bila kulipia. Ilisema nizime Defender kwanza, nikazima.

fundi_kebo: Basi hata ya laki tatu ungeizima.

Muuza Laptop: Mi nauza kwa hiyo nina maslahi, ila ya kulipia ina faida yake, nyingine unaweka pasiwedi kijana wa dukani hawezi kuizima. Tatizo mwakani unalipa tena.

dada_seva: Eksteno kaka, ila ISIKAE IMECHOMEKWA. Ofisi moja niliyopitia waliiacha nyuma ya mashine mwaka mzima, siku ransomwea (hivyo virusi vya kufunga mafaili na kudai hela) imeingia ikafunga mashine na bekapu kwa pamoja, watu wakabaki wanatazamana. Jioni chomeka, kopi, eject, kaiweke droo nyingine kabisa. Orodha ya madeni iweke na Google Drive, GB 15 za bure zinakutosha, ila ujue ukiwasha kusinki, yaani kopi ijibadilishe yenyewe kufuata ya dukani, faili likiharibika dukani linaharibika na kule, ponapona yako ni toleo la zamani na hilo kwa kawaida linakaa siku 30 tu, usizubae.

Kobe Mtulivu: Mnasahau apdeti. Ransomwea ya WannaCry ya Mei 2017 haikuhitaji mtu abonyeze kitu, ilipita kwenye tundu la SMB, hii hii tunayosheia mafaili, na Microsoft alishatoa kiraka tangu Machi! Hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Na Windows 10 apdeti za kawaida zilikoma 14 Oktoba 2025, mkuu unalo hilo.

Baharia wa Kalamu: Mbili zimegoma Windows 11, eti hazina TPM, kile kichipu cha usalama inachodai.

Kobe Mtulivu: Hizo zichomoe intaneti, usizisheie folda, zibaki za kuprinti.

dada_seva: Na iliyofungwa usiifomati, usilipe. Toa hadi diski uitunze, halafu kwa mashine nyingine ingia tovuti ya No More Ransom, ya Europol na wenzao, unapakia mafaili mawili yaliyofungwa wanakwambia ni aina gani na kama ina funguo ya bure. Zingine hazina, usije ukanilaumu.

Baharia wa Kalamu: Mrejesho: nimechukua eksteno ya TB 1, antivairasi nimeacha, Defender nimemrudisha kazini. Funguo bado haijapatikana. Eksteno inalala kwangu, kijana wa dukani kanuna, kumbe alishapanga kuijaza muvi.