Mama aliponywa kwa muujiza, mimi kumfuata Yesu kumenitoa kazini. Naombeni ushauri

Wakuu habari zenu. Mama yangu aliumwa hadi madaktari wakatuita pembeni wakatuambia tujiandae, tukaomba, akainuka na mpaka leo anapika mwenyewe. Mimi ndo nikaokokea hapo. Sasa kazini bosi akataka nisaini risiti za mzigo ambao haujawahi kuingia stoo, nikagoma, nikaachishwa. Ndugu wananicheka, mchumba naye kapoa. Nafunga, naomba, kimya. Yule aliyemwinua mama yuko wapi? Matusi hapana jamani.

JichoKali: Ungesaini tu mkuu, jioni ukatubu. Wokovu haulipi kodi ya nyumba 😂

Dada Neema: Jicho acha hizo. Mleta uzi soma Yohana 6. Wanaume kama 5,000 wamekula mikate 5 ya shayiri na samaki 2, vikapu 12 vimebaki, wakataka kumfanya Yesu mfalme kwa nguvu, kesho yake wamemfuata hadi Kapernaumu na yeye anawaambia kavukavu mnanitafuta kwa sababu mlishiba. Alipoanza kusema yeye ndiye mkate, mstari wa 66 wengi wakageuza. Mkate walikuwa wanautaka, mwenye mkate hapana. We umebaki naye na mkate haupo, usijione umepotea njia.

Mzee wa Kona: Mwanangu, nenda Matendo 12. Herode anamuua Yakobo kwa upanga, halafu sura hiyohiyo Petro anatolewa gerezani na malaika, minyororo inadondoka, lango la chuma linajifungua lenyewe. Kanisa ni lilelile, Mungu ni yuleyule. Nani atasimama aseme Yakobo alipungukiwa imani? Na huyu Yakobo ndo yule mama yake alimwombea yeye na nduguye Yohana viti vya pembeni kwa Yesu, wakaulizwa kikombe cha mateso mtaweza kukinywa, wakajibu twaweza. Kikombe chenyewe ndo huo upanga. Wahubiri wa pokea pokea wanakimbilia lango la chuma, Yakobo wanamruka (na sadaka hawairuki). Kupona kwa mama kulikuonyesha ni nani anakuita, ila hakuna mahali aliahidi bosi atakupenda. Luka 14 alisema kabisa kaa chini uhesabu gharama kwanza.

JichoKali: Mzee hapo kwa Yakobo umenikamata aisee.

Mleta uzi: Mzee shikamoo, hiyo ya Yakobo sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Shida nyingine, barua ya kuachishwa wameandika utovu wa nidhamu. Nikiulizwa kwenye intavyuu nisemeje bila kudanganya?

Dada Neema: Sema kwa kifupi, nilikataa kusaini mzigo ambao sikuuona. Bosi usimtaje jina. Wakitaka zaidi ndo ueleze, na hiyo barua piga kopi uitunze.