Tunakatwa ada ya majarida, lakini tafiti za kutuliza masafa ya leza hatuzioni

Ndugu wanajamvi, nimevumilia mwezi wa tatu sasa na leo yamenifika shingoni. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa fizikia hapa Arusha, na kila muhula chuo changu, ambacho sitakitaja, hunikata ada ambayo kwenye stakabadhi imeandikwa "majarida ya mtandaoni". Utafiti wangu unahusu kutuliza masafa (idadi ya mitetemo ya mwanga kwa sekunde) ya leza ya dayodi, kifaa ambacho joto au mkondo wa umeme ukibadilika kidogo tu, masafa yake huhama.

Makala ninayoitafuta ni ya mwaka 1983, ya Drever, Hall na wenzao, iliyoeleza namna ya kuifunga leza, yaani kuyashikilia masafa yake yasihame, kwenye kaviti ya vioo (vioo vinavyotazamana, mwanga ukidunda katikati yake) kwa kufuata wazo ambalo mwanafizikia Pound alilitumia kwenye mawimbi ya mikrowevu miaka ya 1940. Hall huyo alipata Nobeli mwaka 2005, kwa hiyo si makala ya kichochoroni. Nikiifungua nyumbani, mtaa wa Sakina, ninadaiwa nywila ya chuo, na nikiifungua chuoni kwenyewe ninadaiwa kadi ya benki.

Jumatatu nilikwenda kaunta ya maktaba. Mhudumu aliandika neno "leza", akanichapishia kurasa nne, tatu za upasuaji wa macho na moja ya ukataji wa mabati. Nilipolalamika akasema, "Kaka, chukua hizo kwanza, kwani zote si leza?" Nikalipa shilingi 400 za kuchapa, maana zilikuwa zimeshatoka.

Swali langu lilikuwa dogo. Nilikuwa ninapima mwanga unaopenya kwenye kaviti, na kila nguvu ya leza iliposhuka, saketi ilidhani ni masafa yaliyohama. Dawa yake ni kupima mwanga unaorudishwa na kaviti, ambao leza ikishaongezewa mikanda ya pembeni (masafa ya ziada juu na chini ya masafa yake makuu) hutoa ishara iliyo chanya masafa yakihamia upande mmoja na hasi yakihamia upande wa pili, hivyo saketi hujua irekebishe kuelekea wapi. Hayo niliyakuta bure, saa nane za usiku, katika maelezo ya mwanafizikia Eric Black ya mwaka 1998 yaliyomo kwenye hazina ya wazi ya nyaraka za LIGO, mradi wa Marekani wa kupima mawimbi ya mvutano, bila ada wala kaunta.

Ninachoutaka uongozi unijibu ni hiki: nywila hiyo hutolewa na nani, na ni majarida yapi yaliyolipiwa mwaka huu? Kama hakuna hata moja, stakabadhi zangu zote ziko kwenye bahasha, na Jumatatu ijayo nitakuja nazo ofisini kudai changu.