Wakweni Wamexico wameniachia pozole ya mkesha wa Krismasi, bajeti dola 60. Naombeni ushauri

Mwana Pangani (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Nipo Houston, nimechumbia binti wa Kimexico, wazazi wake wametokea Jalisco. Tarehe 24 ukoo mzima unakutana kwa mama mkwe, watu 30 na ushee, na safari hii chungu cha pozole, ile supu yao ya mahindi na nyama, nimeachiwa mimi. Nyekundu, siyo nyeupe wala ya kijani. Mfukoni nina dola 60. Duka la Wanigeria wanauza mahindi yaliyokobolewa kama yale ya kande, yatafaa? Nyama nataka iwe kuku. Usingizi sipati.

Kitunguu Saumu:
Ya kande achana nayo. Ya pozole huchemshwa na chokaa (ya kula, siyo ya ukutani) mpaka ganda litoke, ndiyo maana punje inachanua. Duka lolote la Wamexico yapo ya makopo, yameshaiva. Chukua yale makubwa ya kilo tatu hivi, mawili, au matatu kama ukoo ni wa walaji.

Pilipili kavu: guajillo nyingi kwa ajili ya rangi, ancho chache kwa ajili ya uzito. Haziwashi sana, usiogope. Toa mbegu, loweka maji ya moto, saga na kitunguu saumu, chuja, kisha ikaange hiyo rojo kwenye mafuta kidogo mpaka iwe rangi ya tofali, ndipo uimwage kwenye supu. Usiruke kuchuja, wageni watatema maganda mbele yako. Kabichi, figili, vitunguu, ndimu na oregano vinakaa mezani, kila mtu anajiwekea.

Ila kwa bajeti hiyo kwa nini kuku? Bega la nguruwe na miguu yake ndivyo vinavyoupa mchuzi uzito, na huko bei yake siyo ya kutisha.

Dereva wa Semi:
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nilioa Rombo. Krismasi ya kwanza ukweni nikakabidhiwa kisu na mbuzi, wazee wamekaa kwenye mabenchi wananitazama. Mbuzi mwenyewe beberu, ana macho ya dharau. Nitaendelea, nipo kwenye mzani.

Mwana Pangani:
Kuku nimependelea tu. Mwepesi kiafya.

Bi Mkubwa:
Mwanangu, mtu wa Pangani, nguruwe humtaki, unasingizia afya. Wewe si Muislamu?

Mwana Pangani:
Ndiyo, mama. Ukweni hawajui. Binti anajua, wazazi wanadhani tumbo langu halipatani na nguruwe. Naomba tusifike mbali, nitawaambia baada ya sikukuu. Kuku wa halali nimeshawalipia kwa mchinjaji, na pozole ya kuku Wamexico wenyewe wanapika. Uongo uko wapi?

Bi Mkubwa:
Uongo uko tumboni kwako, baba. Na siku ya kuandikisha ndoa utasema unaumwa nini?

Chumvi Kiasi:
Mtoeni presha jamaa. Sahagún, padri wa Kihispania wa karne ya 16, aliandika kwamba Waazteki, wenyeji wa kale wa Mexico, kwenye sherehe za miungu yao walikula mahindi ya kuchemsha na nyama ya mateka. Ukoo uliotoka huko utashindwa kusamehe kuku?

Msema Kweli wa Kibaha:
Chai hii. Mwezi wa nane huyu huyu alikuwa Muscat anauza gari, leo yuko Houston na mchumba wa Kimexico. Kesho atatuomba nauli.

Dereva wa Semi:
Duh. Na mimi nimeshamwaga siri zangu za Rombo.

Mwana Pangani:
Gari lilikuwa la kaka yangu, yeye ndiye yuko Muscat, mimi nilimtangazia tu. Nianze kujieleza kama niko polisi?

Msema Kweli wa Kibaha:
Tupia picha ya manunuzi, tuone.

Mwana Pangani:
*[picha]*
Haya. Makopo hayo, pilipili hizo kwenye mfuko, risiti nimeziba jina. Umeridhika?

Msema Kweli wa Kibaha:
Makopo nimeyakubali. Mchumba bado.

Kitunguu Saumu:
Mahindi ndiyo yenyewe. Lakini vuta picha, nyuma ya pilipili kuna kopo la maharage ya kuponda. Soma viungo: ukikuta neno lard, au manteca kwa Kihispania, hayo ni mafuta ya nguruwe. Kabadilishe, yapo ya mafuta ya mimea. Kuku mchemshe kwanza na mifupa yake, mtoe, mchambue, umrudishe mwishoni kabisa. Ukimwacha humo saa zote atageuka nyuzi. Supu ichemke na mahindi na ile rojo kwa saa nzima, halafu ndiyo uonje chumvi.

Mwana Pangani:
Dah, sikuangalia. Asante mkuu. Na tamales, ile mikate yao ya unga wa mahindi inayopikwa kwa mvuke? Mama mkwe anatengeneza mwenyewe.

Kitunguu Saumu:
Unga wake kwa kawaida unakandwa na mafuta hayo hayo. Mwambie binti akuulizie.

Bi Mkubwa:
Binti ataulizia kwa sababu gani, tumbo? Dereva, hebu malizia, yule beberu ilikuwaje?

Dereva wa Semi:
Aliruka uzio, mama. Tukala ndizi.